Manowari Niliyoipanda Siku Moja

Mume wangu alipojiunga na jeshi hakuwa amewahi kuona maji mapana kuliko mto Ruvubu, na huo wenyewe aliuona siku alipokuja kwetu Mabawe na wazee wake kuniposa. Kwao ni Nyabusozi, upande wa Biharamulo, ambako maji ni ya kijito na kisima. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wakisikia niliolewa na mwanamaji hudhani alikuwa mtu wa pwani. Hakuwa. Alikuwa mtu wa migomba na maharage kama mimi, ila masikio yake yalikuwa ya mashine.

Masikio hayo aliyapata misheni. Kabla hatujaoana alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya mapadri, chini ya bruda mmoja mzee, mkali kama siafu. Bruda huyo alikuwa na desturi ya kumfunga kitambaa machoni, akamwambia asikilize injini na kusema inaumwa wapi. Akikosea, anarudia. Akipata, bruda hasemi kitu, anamfungua kitambaa tu na kurudi zake ofisini.

Jeshini, mafunzo ya kwata yalipokwisha, afisa mmoja aliwauliza vijana waliopangwa mstari ni nani kati yao anaweza kufungua injini ya dizeli na kuifunga tena pasipo nati kubaki mkononi. Mume wangu akanyoosha mkono. Alidhani atapewa lori. Wakampa meli.

Ilikuwa meli ndogo ya kivita, mpya, imetengenezwa Uchina, na wataalamu wa Kichina walikuja kuwafundisha vijana wetu kuiendesha. Mume wangu alipangwa chumba cha injini. Alikuwapo siku bendera yetu ilipopandishwa juu yake kwa mara ya kwanza, na barua aliyotuandikia kuhusu siku hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyopokea katika ndoa yangu.

Mimi sikujua kusoma. Kwetu wasichana tulifundishwa sala kwa kichwa, na darasani nilikaa mwaka mmoja tu, kisha nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu. Kwa hiyo barua ilisomwa na katekista, kwa sauti, mbele ya mama mkwe, shemeji yangu, na majirani wawili waliojikaribisha. Mume wangu alieleza kwamba meli ina injini nne, kila moja kubwa kuliko mashine ya kusaga ya misheni, na zote nne zikinguruma pamoja huwezi kusikia neno la mtu aliyesimama mbele yako, mnasemeshana kwa mikono. Alieleza urefu wake: kama kutoka mlango wa kanisa hadi kwenye msalaba wa makaburini. Alieleza mizinga, rada, na kengele ya kuamshia watu. Barua ilikuwa na kurasa mbili na zote zilikuwa za meli.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hajasema kama anakula?"

Katekista akatazama tena karatasi. Hakuwa amesema.

"Hiyo meri itamwua," mama mkwe akasema, kwa sababu yeye alisema meri, na sisi wote nyumbani tukazoea kusema meri tukiwa naye.

Barua zikaendelea kuja, mara kila baada ya miezi miwili, mara mitatu. Nilikuja kujua kwamba injini ya tatu ilikuwa na matatizo tangu mwanzo, ikikohoa ikiwa baridi. Nilijua kwamba chumvi ya bahari inakula chuma kama mchwa wanavyokula nguzo, na kwamba mabaharia hawaishi kukwangua kutu na kupaka rangi. Wakimaliza mbele, nyuma kumeshaanza. Nilijua walikwenda doria wiki nzima wakitafuta majahazi ya magendo wakakamata moja tu, limejaa karafuu. Mume wangu hakujua kuandika mambo ya mapenzi. Alijua kuandika pampu na bomba.

Lakini kuna barua moja ambayo katekista aliisoma vizuri mpaka katikati ya ukurasa wa pili, halafu akakohoa, akaruka kitu, akaendelea chini. Nilimwona. Macho yake yalisimama mahali fulani, mdomo ukacheka kidogo, kisha yakashuka. Sikuthubutu kumwuliza mbele ya mama mkwe. Nikaichukua ile barua, nikaikunja, nikaificha ndani ya mto wa kulalia.

Wiki ileile nilijiandikisha kisomo. Siku hizo kila mahali watu wazima walikuwa wakifundishwa, na darasa letu lilikuwa ghala la pamba, alasiri, tukitoka shambani na majembe yetu. Mwalimu alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Wenzangu walikuwa na sababu zao: mmoja alitaka kusoma Biblia, mwingine alichoka kupunjwa kwenye mizani. Mimi sikusema yangu. Ilinichukua karibu mwaka mzima. Siku nilipoona naweza, nilikwenda na ile barua shambani, nikakaa kati ya migomba, nikaanza kuvuta herufi moja moja kama mtu anayechomoa miba. Mstari ule ulisema hivi: wenzangu wamebandika picha za wake zao ukutani juu ya vitanda, mimi sina picha yako, kwa hiyo kila nikilala nakuchora kichwani, nikianzia na meno.

Nina mwanya mkubwa mbele. Nilicheka peke yangu mpaka mtu aliyepita njiani akaniuliza kuna nini.

Nilipanda lori kwenda Biharamulo mjini kupiga picha. Nilivaa kitenge cha harusi, na mpiga picha aliponiambia nifunge mdomo nikakataa. Picha hiyo niliituma mwenyewe, na barua niliyoiandika mwenyewe. Ilikuwa na mistari mitano, na neno injini nililikosea. Alinijibu kwa barua ndefu kuliko zote, na nusu yake, nakuapia, ilikuwa juu ya pampu ya mafuta.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijijini. Nyabusozi yetu ilikuwa imetawanyika, kila boma na migomba yake, na sasa tuliambiwa tusogee karibu na barabara, tupangwe kwa mistari, ili tupate shule na zahanati. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyebeba mzigo wote wa kuhama. Tulibomoa paa, tukachukua nguzo nzuri, milango na mawe ya kusagia, tukaacha migomba ikitutazama. Mama mkwe alirudi mara mbili kuchukua vitu ambavyo havikuwa na maana, kifuu cha kuchotea na kipande cha mkeka. Niliandika barua kumweleza mume wangu. Barua ile haikumfika, maana wakati huo meli ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, mabaharia wakahamishiwa kambi nyingine, na barua zao zikawa zinazunguka.

Akaja likizo bila habari yoyote. Alishuka lori, akatembea njia aliyoizoea, akafika mahali pa nyumba yetu akakuta magugu yamefika magotini. Mafiga matatu ya jiko langu ndiyo yalibaki. Alinisimulia baadaye kwamba aliketi juu ya figa moja na sanduku lake kando, akiwa na sare nyeupe, na kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba sote tumekufa na hakuna aliyemwandikia. Alikaa hapo mpaka mwanamke mmoja aliyekuja kuiba ndizi kwenye migomba yetu akamwona, akadhani ni mzimu wa padri, akakimbia. Mwanamke huyohuyo ndiye aliyefika kijijini akihema na kutuambia kuna kitu cheupe kimekaa kwenye mahame yenu. Nilijua ni nani kabla hajamaliza. Nilikimbia njia nzima na mtoto wetu mgongoni, aliyezaliwa baada ya likizo yake iliyotangulia.

Nilipofika aliinuka, akaangalia magugu, akaniangalia mimi.

"Nimeacha meli yangu iko juu ya magogo nchi kavu," akasema, "nikaja nyumbani nikakuta nyumba imeng'oa nanga."

Tukacheka, na mtoto naye ambaye alikuwa hamjui baba yake akaanza kulia. Likizo ile yote aliitumia kujenga jiko na kurekebisha mashine ya kusaga ya kijiji, ambayo ilikuwa imekufa kabla hata sisi hatujahamia.

Mwaka uliofuata meli ilikuwa imerudi majini, na barua ikaja kwamba kutakuwa na siku ya familia: wake na wazazi wataruhusiwa kupanda na kuzungushwa. Aliandika kwamba ni mbali na anaelewa nikishindwa. Mama mkwe alinitazama nikiisoma. Akaniuliza imesema nini, nikamwambia. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya samli, mfuko wa senene wakavu na maharage, akaviweka miguuni pangu.

"Nenda ukaione," akasema. "Ukirudi uniambie ukweri."

Nilisafiri kwa lori la ushirika hadi Mwanza, nikapanda treni ya kwenda pwani, siku mbili na kitu, na mtoto nimemwacha kwa bibi yake. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejijengea meli kichwani mwangu. Nilikuwa nimeisifia kisimani, nimeisifia kisomoni. Nilipofika gatini na kuonyeshwa, niliuliza iko wapi. Ilikuwa nyembamba kama panga! Rangi ya majivu, nambari nyeupe ubavuni, sitaha ya chuma ambayo watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Kutoka mlango wa kanisa hadi msalaba wa makaburini, ndiyo, hakudanganya. Lakini hakusema kuhusu upana.

Mume wangu aliona uso wangu. "Ni ndogo?" akaniuliza, na nilisikia kwamba jibu langu lina uzito kwake.

"Ni safi," nikamwambia. Na kweli ilikuwa safi kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuingia. Tulivua viatu.

Mabaharia wote waliniita shemeji. Shemeji angalia kichwa, shemeji shika hapa, shemeji karibu kwetu. Vijana wadogo walinipa shikamoo nikaona haya kuitikia marahaba, maana hata mimi nilikuwa bado mbichi. Mkuu wa mafundi, mtu mnene wa Unguja, alipokea samli na senene kwa mikono miwili. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, aliwatazama muda mrefu. Mume wangu akatia mmoja kinywani kumwonyesha, yule mkuu naye akala, akatafuna, akachukua wengine kiganjani, na mfuko ule haukufika jioni.

Nilionyeshwa kitanda chake, kirefu kama jeneza na chembamba vilevile, vitanda vyote vimepangwa kimoja juu ya kingine. Picha yangu ilikuwa ukutani, na pembe zake zote nne zilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta. Yeye alijifanya anarekebisha blanketi.

Kisha akanishusha ngazi ya chuma mpaka chumba cha injini. Tulitoka bandarini, injini mbili tu zikifanya kazi, naye akasema hiyo ni kama kunong'ona. Kwangu ilikuwa kama radi iliyofungiwa ndani ya debe. Niliisikia kwenye meno. Joto lilikuwa kama la jikoni penye vyungu kumi. Na huyo mume wangu, ambaye nyumbani alikuwa mpole mpaka kuku walimkanyaga, nilimwona akitembea kati ya mashine zile kwa uhakika, mkono wake ukigusa hapa, ukipapasa pale, jinsi mama anavyogusa paji la mtoto kujua kama ana homa. Akachukua fimbo ya chuma, akaweka ncha moja kwenye injini na ncha nyingine akaielekeza sikioni mwangu. Akanipigia kelele karibu na uso ili nimsikie.

"Weka hapa. Sikiliza."

Nikasikiliza. Palepale kelele yote ikajipanga, nikasikia mapigo, moja baada ya jingine. Yalikuwa kama yale niliyosikilizishwa na mkunga kliniki, kwa ile pembe yake, alipotaka nimsikie mwanangu tumboni. Nikamwangalia. Akahamisha fimbo.

"Na hii ni ya tatu. Unaisikia inavyokohoa?"

Nilisikia. Haki ya Mungu nilisikia: mapigo matatu sawa, la nne linachechemea. Nilitikisa kichwa kukubali, naye akafurahi kuliko siku alipomwona mtoto wake kwa mara ya kwanza. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo tangu wakati huo, na sijawahi kumkasirikia kwa sababu yake.

Tulipopanda juu kupata hewa, wake wawili walikuwa wakitapika ubavuni. Mimi sikutapika. Mume wangu alisema ni ajabu, kwa sababu yeye alitapika mwaka mzima wa kwanza, kila walipotoka, alikuwa na ndoo yake chini kwenye injini. Nilimwuliza mbona hakuandika. Akasema angeandikaje, barua zilikuwa zinasomwa na katekista.

Nilirudi Nyabusozi. Mama mkwe alinipa maji ya kunywa kwanza, akakaa kusubiri. Nikamwambia kwamba meli ni ndogo, inameremeta, mabaharia wanampenda mwanawe, na kwamba anakula samaki kila siku. "Hiro ndiro nilitaka," akasema, akaenda kulala.

Halafu vita vikaja, na vilikuja upande wetu. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Mwanajeshi wa nyumba yetu alikuwa mbali kabisa, huko baharini, na sisi wanawake na wazee tuliobaki nyumbani ndio tuliosikia malori ya jeshi yakipita barabarani mchana kutwa kuelekea kaskazini. Watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera walitufikia wakiwa na vyungu vichwani na mbuzi mmoja mmoja. Tuliwapokea mama mmoja na wanawe watatu wakakaa kwetu miezi. Kijiji kilitakiwa kutoa chakula, tukatoa maharage, mihogo na mikungu ya ndizi. Tulipika kwa zamu kwenye mapipa yaliyokatwa katikati. Nilipika ugali kwa koleo. Askari walikula wamesimama, wakashukuru, wakapanda malori, na sikujua hata mmoja alirudi au hakurudi. Shemeji yangu alikwenda na mgambo. Alinikabidhi ufunguo wa ghala la kijiji kana kwamba anakwenda mnadani.

Barua za mume wangu zilikatika. Watu waliniuliza kisimani mumeo yuko mbele, nikasema yuko kwenye meli, wakasema basi meli ndiyo iko mbele. Sikuwasahihisha. Sikujua mwenyewe. Mama mkwe alisali rozari mara mbili kila siku, moja kwa kila mwana, na nilijua ipi ni ya nani kwa sababu ya mume wangu aliimalizia kwa kusema, na hiyo meri yake.

Shemeji alirudi kwanza, mguu wa kushoto umekakamaa, haukunjiki gotini. Aliongea kidogo. Miezi kadhaa baada ya vita kwisha, mume wangu naye akaja likizo, amekonda, na kijiji kikaamua kuwafanyia wote waliotoka vitani sherehe moja. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilitengenezwa ya kutosha, viti vikapangwa mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akawaomba mashujaa waseme neno. Mgambo mmoja mmoja wakasema. Ikafika zamu ya mume wangu, mwenye sare nzuri kuliko wote. Akasimama, akavua kofia.

"Mimi sikumwona adui," akasema. "Vita vizima tulikuwa tunakwenda na kurudi mlangoni mwa bandari, usiku na mchana, tukilinda meli za mizigo ziingie salama. Sikupiga hata risasi moja. Ninyi mlikuwa karibu na vita kuliko mimi. Mke wangu alikuwa karibu na vita kuliko mimi. Sistahili kukaa kwenye viti hivi."

Akaondoka mbele, akaja kukaa chini kwenye majani na sisi wanawake. Mwenyekiti aliangalia karatasi yake. Nilimwona mama mkwe ameinamisha kichwa, na mimi nilitaka kumshika mkono mume wangu lakini si jambo ambalo mtu angefanya hadharani. Nilisikia aibu yake, na nilisikia fahari pia, vyote pamoja, nikashindwa kuvitenganisha.

Ndipo shemeji akainuka pale mbele. Ilimchukua muda kwa sababu ya mguu. Akachukua kiti cha mume wangu, kile kilichobaki wazi, akakibeba kwa mkono mmoja huku anachechemea mpaka tulipokuwa, akakiweka.

"Kaa, kaka," akasema. "Dizeli ya malori yetu ilipita mlangoni kwako. Na viatu nilivyovaa."

Mume wangu akakaa. Shemeji akasimama nyuma yake, mkono begani, mpaka mwenyekiti akakumbuka kuendelea. Siku ile sikuwasikia ndugu wale wakisema neno jingine juu ya vita, wala siku zilizofuata. Walikunywa kutoka chombo kimoja na kugombana kuhusu mbuzi.

Baada ya vita kila kitu kikawa haba. Sisi tulikosa sabuni, chumvi, hata viberiti. Meli ilikosa vipuri. Barua zilizokuja sasa nilizisoma kama barua za kumwuguza mtu. Injini ya tatu wameizima kabisa. Pampu ya injini ya pili wameitoa kuipa meli nyingine yenye hali nzuri zaidi. Wametoka kwa injini mbili, wamerudi kwa moja. Rada imeharibika, wanatumia macho. Rangi imekwisha, wanakwangua kutu na kuacha chuma wazi. Aliandika kwamba yule mkuu wa mafundi wa Unguja alistaafu na siku ya kuondoka alishuka chumba cha injini peke yake, akakaa huko nusu saa, hakuna aliyemfuata.

Mwishowe meli ilifungwa gatini na haikutoka tena. Mabaharia wake wakagawanywa. Mume wangu alibaki mwaka mmoja na zaidi na wenzake wachache, kazi yao kuzuia maji yasiingie. Nilimwandikia kwamba sasa inatosha. Niliandika bila kuzunguka: tumeishi mbali muda mrefu, watoto ni wawili na mkubwa ananifika begani, mama amezeeka, uje. Hakunijibu kwa barua. Alikuja mwenyewe, na sanduku lilelile.

Sitasema ilikuwa rahisi. Mtu aliyeishi ndani ya chuma miaka kumi na zaidi hawi mkulima kwa sababu amepewa jembe. Alipanda maharage kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, lakini yote kwa wakati usiofaa. Aliamka kabla ya jogoo na kukunja blanketi nikiwa bado ndani yake. Wakati wa chakula alishika sahani kwa mkono mmoja, isiteleze, ilhali meza ilikuwa imetulia kabisa. Kijiji kilimpa mashine ya kusaga aiangalie, na hapo akapata nafuu. Wanawake walipenda kwenda akiwa zamu, kwa sababu unga haukuchanganyika na mafuta, na pia kwa sababu hakuwafokea.

Miaka michache baadaye mwenzake mmoja wa melini, mtu wa Kibondo, alipita kwetu akielekea kwao. Nilichinja kuku. Walikaa ukumbini wakicheka habari za zamani, nani alianguka majini gatini akiwa na sare ya sherehe, nani alificha jogoo chini ya kitanda siku tatu. Kisha mgeni akasema aliambiwa kwamba meli imevutwa ufukweni na kukatwa kwa moto, vipande vikapakiwa kwenye malori, chuma chakavu. Alisema kwa sauti ya mtu anayeleta msiba, akiangalia miguu yake.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. Mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa haoni vizuri, aliuliza kutoka kwenye kona yake wanasema nini.

"Waliianza wapi kuikata?" mume wangu akauliza.

"Mbele, nafikiri. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Kwa hiyo injini zilikuwa za mwisho."

"Zilikuwa za mwisho," mgeni akasema.

Mume wangu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba marehemu hakuteseka sana. Akaninyooshea mikono kupokea bakuli, akamwekea mgeni kipande cha kidari, akamwambia ale, safari ya Kibondo ni ndefu. Asubuhi tulimsindikiza mgeni hadi barabarani, tukarudi tukapitia shambani, maana magugu yalikuwa yameanza kuyazidi maharage. Tulipalilia mpaka jua likawa kali. Alikuwa upande wake, mimi wangu, na kila nilipoinua uso nilimkuta ameinama, akinitangulia kidogo.